Mfalme Mmoja kwa Kabaila Mmoja

Tarehe 14 Septemba 1141, kwenye kivuko cha mto Test pale Stockbridge, kusini mwa Uingereza, kundi dogo la wapanda farasi liligeuka kuwakabili waliokuwa wakiwafukuza. Mbele yao, akiwa amekwisha kupata masafa ya kutosha, mwanamke mmoja alikuwa akikimbizwa kuelekea magharibi bila farasi kupumzishwa. Nyuma yao walikuja askari wa kukodiwa kutoka Flanders, wakiongozwa na William wa Warenne, na nyuma ya hao ilikuwapo barabara nzima ya kutoka Winchester, iliyotapakaa ngao na mavazi ya chuma yaliyotupwa na watu waliotaka kukimbia wepesi. Kiongozi wa kundi lile dogo alikuwa Robert, kabaila wa Gloucester. Kwa kuwa ndiye aliyeamuru jeshi, angeweza kutangulia kuondoka mjini, lakini alijiwekea nafasi ya mwisho ili dada yake apate kuponyoka. Pale kivukoni alizingirwa, akakamatwa akiwa hai.

Mwanamke aliyekuwa akikimbia ni Matilda, dada yake kwa baba. Na katika ngome ya Robert mwenyewe, huko Bristol, Stephen, mfalme wa Uingereza, alikuwa mfungwa tangu mwezi wa Februari.

Baada ya majuma saba hivi, wafungwa hao wawili walibadilishwa.

Mfalme mmoja kwa kabaila mmoja.

Biashara hiyo imenikaa kichwani kwa majuma mengi, wala haijakubali kutoka. Matilda alikuwa amekwisha kumtia mkononi mtu aliyekalia kiti alichokidai yeye. Katika vita vya kugombea taji, hakuna ushindi unaozidi huo isipokuwa kifo cha mpinzani. Kisha akamwachia mpinzani wake arudi kutawala, ili ampate ndugu yake. Msomaji wa habari za vita vile, vilivyoanza baada ya 1135 na kumalizwa kwa mapatano ya 1153, hawezi kupita hapa bila kujiuliza Robert alikuwa mtu wa namna gani hata bei yake ikawa ufalme. Mimi nilipojaribu kujijibu, swali liligeuka likawa gumu zaidi: mtu mwenye bei ya mfalme, kwa nini hakuwa mfalme yeye mwenyewe?

Mwana mkubwa asiyehesabiwa

Robert alizaliwa karibu na mwaka 1090, kabla baba yake hajawa Mfalme Henry wa Kwanza, na mama yake hakuwa mke wa Henry. Hilo peke yake halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa Henry aliwatambua watoto zaidi ya 20 wa nje ya ndoa, akawalea, akawaoza vizuri na kuwapa kazi. Ndani ya ndoa alikuwa na mwana mmoja tu aliyekua, William, na huyo alizama pamoja na Jahazi Jeupe karibu na bandari ya Barfleur usiku wa tarehe 25 Novemba 1120. Aliyebaki ni Matilda, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Kaisari Henry wa Tano huko Ujerumani.

Msiba huo ulimpandisha Robert bila kumfikisha juu. Baba yake alikuwa amekwisha kumwoza Mabel, mrithi wa Robert FitzHamon, na kwa ndoa hiyo alipata Bristol, mashamba makubwa ya Gloucestershire, na nchi ya Glamorgan huko Wales pamoja na ngome ya Cardiff. Mnamo 1122 hivi alipewa cheo cha erli, yaani kabaila wa daraja la juu, wa Gloucester. Alisoma, alijua Kilatini, aliwapenda waandishi, na vitani hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Lipo jambo moja la miaka ile ambalo ninaliona lina uzito kuliko mali yote hiyo. Robert ndiye aliyekabidhiwa kumlinda baba yake mkubwa, Duke Robert, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa ya leo, ambaye Henry alimshinda katika vita vya Tinchebray mwaka 1106 na kumnyang'anya nchi yake. Mzee huyo hakuachiwa tena. Alifia kifungoni Cardiff mwaka 1134, baada ya zaidi ya miaka 27. Kwa hiyo kabaila wa Gloucester alijua, kwa kushika funguo mwenyewe, namna mtawala aliyeshindwa anavyowekwa akiba mpaka afe, na nchi ikaendelea bila yeye.

Tukumbuke hilo tutakapofika Bristol.

Kuhusu kuzaliwa nje ya ndoa, mtu aweza kusema kwamba sheria ilikuwa wazi na kesi imekwisha. Haikuwa wazi kiasi hicho. Babu yake Robert, William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alikuwa mwana wa nje ya ndoa vilevile, na jambo hilo halikumzuia kuurithi utawala wa Normandy akiwa mtoto mdogo. Lililobadilika katikati ni Kanisa, ambalo kwa vizazi viwili lilikuwa limekaza masharti ya ndoa na ya urithi, hata kilichovumilika kwa babu kikawa aibu kwa mjukuu. Robert alizaliwa amechelewa.

Nani atangulie kuapa

Matilda alipofiwa na Kaisari mwaka 1125, baba yake alimwita nyumbani, na mwanzoni mwa Januari 1127 akawakusanya maaskofu na makabaila wamwapie kwamba, asipopata mwana mwingine wa kiume, wangempokea binti yake kuwa mtawala. Mfalme David wa Uskoti aliapa kwanza miongoni mwa wasio makasisi. Baada yake yakazuka mashindano ambayo mtawa William wa Malmesbury aliyaona yanastahili kuandikwa: Robert na Stephen wa Blois waligombea nafasi ya kufuata. Mmoja alidai haki ya kuwa mwana wa mfalme, mwingine alidai heshima ya kuwa mpwa wa mfalme, aliyezaliwa na dada yake katika ndoa halali.

Stephen ndiye aliyetangulia.

Ni tukio dogo, pengine la dakika chache, lakini limebeba mambo yote yaliyofuata. Baraza zima lilitazama na kukubali kwamba mpwa halali ana daraja kuliko mwana asiye halali. Robert alikuwa na umri wa miaka 35 na zaidi, tajiri na mwenye akili timamu, na sidhani alihitaji kuambiwa mara ya pili. Nikimwona baadaye anakataa mambo makubwa, huwa najiuliza kama ukataaji wake haukuanzia siku ile, alipojifunza hadharani mpaka wake uko wapi.

Miaka mitatu inayopitwa upesi

Wanaomsifu Robert humsifu kwa uaminifu. Wao hulichukua agano la 1127, wakaliunga moja kwa moja na vita vya miaka ya 1140, na katikati wakaruka.

Katikati ndiko nilikokwama.

Henry alifariki tarehe 1 Desemba 1135 huko Lyons-la-Forêt, Normandy, na Robert alikuwapo kitandani pake. Kama kuna aliyejua mzee alitaka nini, ni yeye. Stephen, aliyekuwa Boulogne, alivuka bahari mara moja, akapokewa na watu wa London, akaishika hazina ya Winchester kwa msaada wa ndugu yake, Askofu Henry, na tarehe 22 Desemba akatawazwa. Hugh Bigod aliapa kwamba marehemu alibadili nia akiwa anakata roho. Matilda alikuwa mbali, kwa mume wake wa pili, Geoffrey wa Anjou. Na Robert? Hakumwendea dada yake. Alibaki Normandy, akiwa na fedha nyingi alizochukua katika hazina ya Falaise kwa ajili ya kuwalipa watumishi na askari wa baba yake, na alikuwa Lisieux akishauriana na Theobald, kaka yake Stephen, ambaye makabaila wa Normandy walitaka kumpa utawala, habari za kutawazwa kwa Stephen zilipowafikia.

Yaani katika majuma yale matatu ambayo kila siku moja ilikuwa na thamani ya mkoa, mtetezi mkuu wa Matilda alikuwa akizungumza na mgombea mwingine kabisa.

Miezi iliyofuata haimpendezeshi zaidi. Baada ya Pasaka ya 1136 alivuka kwenda Uingereza, akamwapia Stephen utii. Kiapo chake kilikuwa na sharti: angekuwa mtu wa mfalme kwa muda ule tu ambao mfalme angemwachia heshima yake yote na kuyatunza mapatano yao. Kwa macho ya wakili, ni kiapo kizuri. Kwa macho ya dada yake, ambaye alikwisha kuapiwa miaka tisa nyuma, sijui kilionekanaje. Wahenga wametuachia kwamba ahadi ni deni, lakini hawakutuambia mtu aliyewaahidi wawili kitu kimoja aanze kumlipa nani.

Zipo njia mbili za kuisoma miaka hiyo. Ya kwanza ni kwamba Robert alikuwa akijificha, anangoja wakati, na kwamba mtu peke yake hawezi kumpinga mfalme aliyekwisha kupakwa mafuta na kukubaliwa na kila mtu, hata na Papa Innocent wa Pili. Ya pili ni kwamba aliukubali utawala wa Stephen kikwelikweli, akawa tayari kuishi nao, mpaka Stephen mwenyewe alipomfukuza kwa matendo. Mwaka 1137 huko Normandy mfalme alihusika katika njama ya kumvizia Robert, iliyotegwa na William wa Ypres, nahodha wa askari wa kukodiwa. Robert alionywa mapema akaepuka. Stephen alikiri na kuapa kwamba halitatokea tena, na kiapo hicho hakikumtuliza mtu. Muda si mrefu baada ya Pentekoste ya 1138, Robert alituma wajumbe kumrudishia mfalme utii wake, kwa maneno rasmi, akitaja kiapo chake cha kwanza kwa Matilda na kueleza kwamba alikwisha kushauriana na watu wa dini juu ya dhamiri yake.

Ninaelekea kwenye njia ya pili. Dhamiri ikikaa kimya miaka miwili na nusu, kisha ikazungumza mara tu baada ya mwenye nayo kunusurika kuuawa, mimi nasikia sauti mbili ndani yake. Hilo halimfanyi mwongo. Watu wengi hutenda lililo haki siku ile haki na usalama wao vinapokutana njiani.

Aliyeivuta ngozi

Mashaka yangu yaliongezeka nilipozingatia ni nani anayetupa habari hizi. William wa Malmesbury alikuwa mtawa makini, mmoja wa wanahistoria bora wa zama zake, lakini kazi yake ya mwisho, ile inayosimulia vita hivi, alimwandikia Robert mwenyewe, aliyekuwa mfadhili wake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila Robert anaposita, William anatueleza kwamba ilikuwa busara; kila anaposhindwa, lawama inawaangukia wengine.

Upande wa Stephen nao ulikuwa na msimulizi wake, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na huyo hampendi Robert hata kidogo. Anauita mji wa Bristol mama wa kambo wa Uingereza yote, kwa jinsi majeshi ya Robert yalivyotoka humo kupora nchi jirani. Lakini ni msimulizi huyohuyo, adui, anayetupa jibu la swali langu. Anasema kwamba Henry alipofariki walikuwapo watu waliomshauri Robert alichukue taji yeye, naye akakataa katakata, akisema ni haki zaidi kumwachia mwana wa dada yake.

Mwana wa dada yake ni Henry, mtoto aliyezaliwa Le Mans mwezi Machi 1133. Mwaka 1135 alikuwa hajafikisha miaka mitatu.

Rafiki akiyasema maneno hayo, ningeyapokea kwa tahadhari. Yakisemwa na adui, ambaye hakuwa na sababu ya kumpamba, nadhani yana msingi. Tena yameelekezwa mahali pasipotarajiwa: Robert hakusema dada yake, alisema mpwa wake. Labda ndiyo sababu hakukimbilia kwa Matilda Desemba ile. Labda tangu mwanzo hakuamini kwamba mwanamke angekubaliwa kutawala, au hakumpenda mume wake, akawa anautazama ujomba wake kama kazi ya miaka 20 mbele. Ninaipenda tafsiri hii, na kwa sababu ninaipenda ninajilazimisha kuishuku.

Kutoka Arundel hadi Lincoln

Vita vyenyewe nitavipitia kwa haraka, kwa maana sizuiwi navyo. Tarehe 30 Septemba 1139 Robert na Matilda walishuka Arundel na wapanda farasi wasiozidi 140. Robert alimwacha dada yake ngomeni kwa mama yao wa kambo, Adeliza, akapenya usiku hadi Bristol akiwa na watu 12 hivi. Stephen, kwa uungwana ambao wanahistoria hawajaacha kuushangaa, alimruhusu Matilda aende Bristol na wasindikizaji.

Tarehe 2 Februari 1141, mbele ya mji wa Lincoln, Robert pamoja na mkwewe Ranulf, erli wa Chester, walilivunja jeshi la mfalme. Stephen alipigana mpaka silaha zikamvunjikia mikononi, kisha akashikwa, akapelekwa Gloucester na baadaye Bristol. Mwezi Aprili Matilda alitambuliwa rasmi kuwa Bibi wa Waingereza, na Juni akaingia London kungoja kutawazwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ndipo nafasi ya Robert inapoonekana vizuri. Msimulizi wa upande wa Stephen anaeleza kwamba Mfalme David wa Uskoti, Askofu Henry wa Winchester na Robert walipomwendea Matilda na kupiga magoti mbele yake kumsihi jambo, hakuinuka kuwapokea, na mara nyingi aliwarudisha na maombi yao. Chumvi imo, bila shaka; mwanamume angefanya hivyo angeitwa imara. Hata hivyo watu watatu hao walikuwa nguzo zake, na watu wa London, waliotakiwa fedha nyingi na kukataliwa nafuu, walipiga kengele tarehe 24 Juni wakamiminika mitaani hata Matilda akakimbia chakula kikiwa mezani. Askofu Henry akamwacha. Majuma machache baadaye Matilda alimzingira askofu huyo Winchester, naye akajikuta amezingirwa na jeshi la malkia, mke wa Stephen. Mji uliteketea. Septemba wakaamua kukimbia, na Robert akakaa nyuma.

Rochester

Alipelekwa Rochester, katika Kent, chini ya ulinzi wa malkia, ambaye pia aliitwa Matilda. (Msomaji anivumilie, enzi ile ilijaa akina Matilda, hata binti yake Robert aliyeolewa na Ranulf.) Malkia hakumtia minyororo, ijapokuwa mumewe alitiwa minyororo Bristol. Robert aliruhusiwa kushuka kwenda kwenye makanisa yaliyo chini ya ngome na kuzungumza na aliowataka. Wapangaji wa mashamba yake ya Kent walimletea fedha, naye akazitumia kununua farasi wazuri.

Nimeurudia mstari huo wa farasi mara nyingi. Mtu aliyefungwa, ambaye dada yake amebebwa hadi Gloucester akiwa amelazwa juu ya jeneza kama maiti ili asitambuliwe njiani, ananunua farasi. Hakuwa na shaka kwamba atawapanda.

Kisha mazungumzo yakaanza, na ndiyo sehemu ya kisa hiki inayonivutia kuliko vita vyote. Upande wa malkia ulitaka jambo jepesi: mfalme kwa kabaila, kila mmoja arudi alikotoka. Mabel, mke wa Robert, aliyekuwa Bristol akimshikilia Stephen, alikubali upesi, kwa sababu alimtaka mumewe. Aliyekataa ni Robert. Alisema kwamba mfalme na erli si watu wa thamani moja, na kwamba mabadilishano yatakuwa ya haki ikiwa watu wote waliokamatwa pamoja naye wataachiwa nao. Alikuwa kama muuzaji anayeshusha bei ya mali yake mbele ya mnunuzi, na mali yenyewe ni nafsi yake. Waliowakamata wenzake hawakukubali, kwa kuwa walikwisha kuhesabu fidia nono watakazolipwa na mateka wao, wala hawakuwa tayari kulipia uhuru wa mfalme wao kwa mifuko yao.

Wakambadilishia maneno. Walimwambia aache upande wa dada yake, Stephen arudishiwe ufalme, na yeye Robert aitawale Uingereza yote chini ya mfalme. Alijibu kwamba hana mamlaka ya kukubali jambo kama hilo bila idhini ya dada yake. Wakajaribu vitisho: atapelekwa Boulogne, ng'ambo ya bahari, na kufungwa huko maisha. Alijibu kwa utulivu kwamba anamwamini mke wake na watu wake. Wakimdhuru, Mabel atampeleka mfalme Ireland.

Ndiyo, yote haya tunayapata kwa William wa Malmesbury. Nimekwisha kusema jinsi ninavyomsoma. Lakini matokeo hayakutegemea kalamu yake: Robert hakugeuka. Na kugeuka siku zile kulikuwa rahisi na kwenye faida. Askofu Henry aligeuka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, akabaki askofu. Ranulf wa Chester alikuwa akipima upepo kila msimu. Robert aliahidiwa kila kitu ambacho kabaila angeweza kukipata pasipo taji, wakati upande wake umevunjika, na alikuwa na kiapo cha zamani kwa Stephen ambacho mwanasheria yeyote angekifufua. Uaminifu ambao nilishindwa kuuona mwaka 1135 naukuta hapa, umechelewa miaka sita, umekamilika.

Sikujua nifanye nini na ucheleweshaji huo. Nilikuwa natafuta mtu mmoja, aliyekuwa mwaminifu siku zote au mwenye hesabu siku zote. Sasa naona huenda kile kiapo cha 1127 hakikumfunga sana kama damu ya watu waliomfuata tangu Arundel. Kufikia 1141 alikuwa amewaingiza wengi mno vitani asiweze kutoka peke yake. Ndiyo maana alidai wenzake waachiwe.

Dai hilo lilishindwa. Tarehe 1 Novemba Stephen aliondoka Bristol, akimwacha huko malkia na mwana wao kuwa rehani. Mfalme alipofika Winchester, Robert akaachiwa, naye akamwacha mwanawe William kuwa rehani mpaka malkia atakaporudishwa. Kila mtu alitimiza sehemu yake. Katika nchi ambayo viapo vilivunjwa kila wiki, utaratibu ule wa rehani kwa rehani ulikwenda bila hitilafu hata moja.

Je, Matilda alifanya vyema kukubali? Hapo namrudia yule mzee wa Cardiff. Stephen angeweza kuwekwa Bristol miaka 27. Lakini kumweka mfalme kifungoni kunahitaji mtu wa kushika funguo, mwenye ngome isiyotekeka, fedha za kulipa askari, na jina ambalo makabaila wenzake wanalisikiliza. Matilda alikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, na mtu huyo alikuwa Rochester. Bila Robert, mfungwa wa Bristol asingekaa mfungwa muda mrefu. Kwa hiyo hakuuza ushindi. Ushindi wenyewe ulikamatwa Stockbridge.

Nalo hilo ndilo nililolitafuta kwa majuma yote. Robert alikataa kuwa mfalme, kisha akawa mtu ambaye mdai wa ufalme hakuweza kuishi bila yeye. Angalilichukua taji, au angalikaa kando, huenda vita vingekuwa vifupi. Alichochagua ni katikati, na katikati ilichukua miaka mingi. Mtawa wa Peterborough aliyeandika habari za mateso ya wanavijiji, waliofungwa na kuteswa ngomeni ili watoe mali yao, alisema kwamba watu walinena waziwazi kwamba Kristo na watakatifu wake wamelala. Wanavijiji hao hawamo katika hesabu za Rochester.

Mjomba na mpwa

Mwaka 1142 Robert alivuka kwenda kumwomba Geoffrey msaada. Shemeji yake alimtumia kwanza kuteka ngome za Normandy, kisha badala ya kuja mwenyewe akampa mtoto, Henry, mwenye umri wa miaka tisa. Walirudi na merikebu 52. Wakati huo Matilda alikuwa amezingirwa Oxford, na Desemba alitoroka usiku, akiwa amejifunika nguo nyeupe, akipita juu ya barafu na theluji. Tarehe 1 Julai 1143 Robert alimshinda Stephen tena, pale Wilton, na mfalme nusura ashikwe kwa mara ya pili. Halafu vita vikaganda. Mwaka 1145 mwanawe mwenyewe, Philip, alihamia upande wa Stephen, na sioni neno la kuongeza hapo.

Mwaka 1147 mpwa, sasa mwenye miaka 14, alikuja Uingereza kwa shauri lake mwenyewe na kikosi cha askari wa kukodiwa ambao hakuwa na fedha za kuwalipa. Mama yake hakuwa nazo. Mjomba, anasema yule msimulizi wa upande wa pili, alikumbatia mifuko yake kama bahili akakataa kutoa. Aliyemlipia kijana nauli ya kurudi nyumbani alikuwa Stephen.

Nacheka kila ninapokifikia kisa hiki, na nadhani Robert alikuwa sahihi.

Alifariki kwa homa tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, akazikwa Bristol katika kanisa la watawa la Mtakatifu James alilolianzisha. Miezi michache baadaye Matilda aliondoka Uingereza, na hakurudi kudai tena. Mpwa alirudi akiwa mtu mzima, akapatana na Stephen mwaka 1153, na tarehe 19 Desemba 1154 akatawazwa kuwa Henry wa Pili, kama mjomba alivyosema mwaka 1135, ikiwa kweli alisema.

Mfalme huyo hakusahau jinsi Bristol ilivyo na nguvu. Mwaka 1175 alimlazimisha William wa Gloucester, yule aliyewekwa rehani Winchester kwa ajili ya baba yake, aikabidhi ngome hiyo kwa taji. Mwaka uliofuata yaliandikwa mapatano kwamba binti mdogo wa William, Isabella, ataolewa na John, mwana wa mwisho wa mfalme, na urithi wote wa Gloucester umfuate, dada zake wengine wakiachwa nje. William alifariki mwaka 1183, ndoa ikafungwa 1189. Muongo mmoja baadaye, John alipokuwa mfalme, ndoa ilibatilishwa. Mashamba ya Gloucester aliyashikilia.